Mama Yake Yaya

Mwalimu Kibwana alipouliza mama yake Bibi aliitwa nani, wanaume wote uani waliangalia viatu vyao. Wasiokuwa na viatu waliangalia vya jirani.

Swali lenyewe halikuwa la uchokozi. Maiti akishafukiwa, kabla watu hawajakung'uta vumbi, mwalimu huchutama kichwani pa kaburi akamsomea talkini. Humwita mara tatu, kwa jina lake na jina la mama yake, amkumbushe majibu ya kuwapa watakaokuja kumhoji. Jina la baba halitakiwi. Baba ni habari ya kuambiwa; mama ndiye aliyekuwepo. Kwa hiyo mwalimu alitaka jina moja tu, la mwanamke mmoja aliyezaa mtoto wa kike upande wa pili wa mto, zamani, wakati Bondeni kwetu bado ni matete na vyura.

Bibi alikuwa amelala ndani, ameoshwa, amevishwa sanda, na tangu nimjue hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza amelala mchana bila mtu kumwita aje haraka.

"Kama halijulikani," mwalimu akasema, kwa upole wa mtu aliyeshazika wengi, "tutasema binti Hawa. Sote ni wana wa Hawa."

Nikamwambia Hawa hajawahi kufika Bondeni, angefika angeshaambiwa afue. Watu wakacheka. Na hapo ndipo balaa langu lilipo. Mimi ni mjukuu, na kwetu mjukuu ni mtani wa bibi yake. Siku ya msiba mtani ana ruhusa ya kila kitu. Anaweza kujilaza ndani ya mwanandani wa kaburi akakataa kutoka, anaweza kumkaripia marehemu kwa kukimbia vyombo vichafu, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Bibi aliniita mume wangu tangu nina siku saba. Mimi nilipopata akili nikamwambia nitaoa wa pili maana yeye haonekani nyumbani. Basi nimezoeleka. Nikisema kweli, watu wanacheka. Nikikasirika wanashika mbavu, wanasema leo kijana kaamka nazo. Niliwaambia Bibi hataitwa kwa jina la jumla kama mchele wa msaada. Wakacheka. Nikajilaza chali juu ya jeneza tupu nikasema halitoki hapa mpaka nipate jina. Wengine wakanipigia makofi.

Mwalimu peke yake hakucheka. Akasema atangoja mpaka alasiri, si zaidi, na alasiri ya mji huu, msomaji wangu, haitokani na jua. Saa zote ziko Mlimani kwa wenyewe. Sisi tunaletewa wakati ukiwa umeshavaliwa, kama mitumba, una jasho la mtu mwingine kwapani. Wakimaliza kula kule juu ndiyo inakuwa alasiri. Wakichelewa kwenye matunda, jua linasimama kichwani petu kama mgeni asiyejua kuaga.

Fikirini basi nilichokuwa nakifikiri juu ya lile jeneza. Mtu ameitikia majina yasiyo yake kwa miaka sitini. Yaya. Dada. Wewe. Mama Dawi, kwa mtoto ambaye hakumzaa. Sasa anawekwa chini ya udongo, na huko nako anaitwa kwa jina lililookotwa. Ubaya ni kwamba namjua. Angeitika. Angesema "Abee" kutoka ndani ya sanda, akainuka, akakaza kanga kiunoni na kwenda kumtumikia huyo Hawa, na wale wahoji wakija wangekuta kaburi tupu na ujumbe kwamba mwenyewe yuko kazini.

Alikuja mjini ana miaka kumi na minne. Siku hizo lango la mji lilikuwa ukuta mtupu wenye matundu mawili kwa kimo cha kifua. Mlinzi alikaa ndani, hakuona uso wala hakutaka kuuona. Ulipitisha mikono, ikageuzwa, ikakaguliwa kucha, ikapigwa muhuri, ikaandikwa daftarini. Mwili ukafuata baadaye, kama mkia unavyomfuata ng'ombe. Kitambulisho chake ninacho. Mahali pa picha pana picha ya mikono. Palipoandikwa jina pameandikwa: jozi moja, ya kulea. Hapana nafasi ya mama. Nani ataiuliza mikono mama yake?

Na ile mikono ililea. Sisemi kwa kusifia, nasema kwa kushtaki. Ililea watoto wa Mlimani mpaka wakawa watu wazima wa kufunga lango, kisha ikawauguza wazee wao, ikawalisha uji kwa kijiko, ikawageuza kila baada ya muda wasitoke vidonda vya mgongo, ikawafuta wasipoweza kujifuta. Huyu mwanamke alisimama kwenye ncha zote mbili za uhai wa watu, pale wanapoingia na pale wanapotoka, na katikati hapo, wanapotembea kwa miguu yao wenyewe, hakuna aliyegeuka kumtazama. Mama yangu alilelewa na majirani kwa sababu mama yake alikuwa analea. Akakua, naye akapanda Mlimani kulea. Alifia huko, mgongo ulimkatika akiinua kizee cha watu kitandani, nami nikarudi kwa Bibi, yaani nikarudi kwa majirani. Huo ndio ukoo wetu. Wenye ardhi wanarithishana mashamba; sisi tunarithishana jirani mwema.

Jina la Bibi ni Somoe. Liandikeni popote mlipo, kwenye ukuta, kwenye mkono. Alirudi nyumbani hana sauti, ana mnong'ono tu. Alituongelesha kwa nyusi. Nilipokuwa darasa la tano tuliambiwa tuchore mti wa ukoo. Wangu ulikuwa shina na tawi moja, hauna mzizi, mwalimu wa darasa akauliza kama nimechora ufagio. Nikaenda kumuuliza Bibi mama yake aliitwa nani. Alikuwa amekaa kizingitini, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa ufunguo wa nyumba aliyoiuza.

"Jina la mama nimeliimba huko mpaka limeniishia, mume wangu," akanong'ona. "Kamuulize Dawi."

Nilicheka. Nilidhani ni utani.

Kwa hiyo nilishuka kwenye jeneza, nikachukua kanga yake kuukuu ya kubebea watoto, ile ambayo maandishi yake yalishafutika kwa kufuliwa, nikaitupia begani, nikapanda Mlimani kwa Dawi. Sasa hivi anaitwa Mheshimiwa Badawi, ana miaka sitini na kidogo na kitambi cha kuegeshea mikono. Ndiye mtunza saa wa mji. Akipiga chafya, Bondeni tunachelewa.

Njia ya Mlimani haikujui, inaijua nguo yako. Mbwa wa nyumba ya kwanza walinusa kanga wakaacha kubweka. Mlinzi wa nyumba ya pili akaniambia, bila kuinua macho, Yaya leo umechelewa. Na mimi, kijana mwenye ndevu na cheti cha kidato cha nne, nikasikia mdomo wangu ukiitika "Abee", kama mwanamke, kama yeye, na magoti yakakunjika kidogo yenyewe. Nikatema mate chini kwa hasira. Kumbe hawakuwa wamemwajiri mtu. Walikuwa wamechimba mfereji, na yeyote atakayepita hapo atatiririka kuelekea kwao.

Nyumbani kwa Mheshimiwa kulikuwa na msiba. Ndiyo, walikuwa na msiba wao. Turubai, viti vya kukodi, sufuria tatu za pilau, wageni wenye miwani myeusi wakimpa pole yeye. Maiti yuko kwetu, pilau liko kwao. Mheshimiwa alikuwa ameshika kipaza sauti, anawaeleza kwamba Yaya alikuwa kama mama kwao, kama mmoja wa familia, na alikuwa kama hachoki. Nikahesabu hizo "kama" tatu nikaona ndizo zilizomla. Bibi alichoka, mheshimiwa. Alichoka bila kama.

Wakaniona. Mmoja akasema ni mjukuu, mtani kaja, na wote wakageuza viti kwa furaha, maana msiba bila mtani ni kikao. Nikasogea mpaka mbele yake, nikamwamkia, nikamuuliza mama yake Bibi aliitwa nani, tunangoja kumzika. Wakacheka wote. Mama mmoja alifuta machozi kwa ncha ya ushungi. Mheshimiwa naye akacheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni taratibu, akakunja uso kama mtu aliyeulizwa kivuli kina uzito gani.

"Yaya alikuwa na mama?" akauliza.

Hakuwa anatania. Afadhali angekuwa anatania. Alikuwa amestaajabu kwa dhati. Kwake yeye Yaya alianza siku ile mikono ilipotokeza ukutani. Kabla ya hapo palikuwa na ukuta.

Sikupanga kilichofuata. Jasho lilikuwa linaniingia machoni, nikajifuta kwa ile kanga, na nilipoikung'uta harufu ikatoka: mafuta ya nazi, moshi, uji ulioshika chini kidogo. Mheshimiwa akaivuta puani. Sentensi yake ikakatika katikati. Koti likamwanguka mabegani, si kwa kulivua, mabega ndiyo yaliyoondoka. Kipaza sauti kikawa kikubwa mkononi, kisha kizito, kisha kikaanguka. Kitini akabaki mtoto wa miaka minne amefunikwa na suti, makamasi yanamtoka, ananinyoshea mikono. Wageni hawakushtuka. Jirani yake alisogeza tu sahani ya nyama isimwagike.

"Nibebe," akasema.

Nikamwambia kwanza jina. Akasema analijua, nikamwona kweli analijua, liko nyuma ya meno ya maziwa. Lakini akatikisa kichwa.

"Mgongoni."

Sasa nisikilizeni. Nilikuwa nimeapa. Siku tuliyomzika mama yangu niliapa kwamba mgongo wangu utakuwa wa kwanza katika ukoo huu kubeba shati tu. Sikuapa kwa utani. Nilikataa kazi tatu za Mlimani kwa ajili ya kiapo hicho, nikalala njaa juu yake kama juu ya mkeka. Na sasa hilo jina, mali pekee ya Bibi aliyovuka nayo mto bila mlinzi kuiona, lilikuwa limewekwa kinywani mwa mtoto huyu, kwa sababu alimwimbia yeye na sisi akatunyamazia, na mtoto huyu alikuwa hawezi kulitoa ila kwa bei ile ile aliyozoea. Niambieni, nguvu ni nini? Nilidhani ni bunduki, ni lango, ni muhuri. Kumbe nguvu ni kuwekewa kumbukumbu za watu wengine bila hata kujua unazo, nao waje wakuinamie kuziomba.

Nikainama. Nikamtupa mgongoni, nikavuta kanga, nikapiga fundo kifuani. Wageni wakasema mtani hodari, leo kaja na kali.

Tulishuka. Alikuwa na umri wa miaka minne na uzito wa sitini. Kwenye kona ya kwanza akawa na arobaini ghafla, akaniuliza kwa sauti nzito kama nina kibali cha kupita njia hii. Nikamrusharusha, akarudi sita. Penye kisima akawa kijana wa makamo yangu, akanicheka shati langu. Nikamrusharusha. Akatapika maziwa kidogo shingoni mwangu, yakawa ya moto, na mkono wangu ukaenda nyuma wenyewe kumpapasa mgongo. Nikauchapa ule mkono. Sokoni mama mmoja muuza maandazi akaniuliza huyo mtoto wa nani. Nikasema wa Bibi. Akasema, "Basi mfunike kichwa, mwanangu, jua kali." Nikamfunika. Nawaambia nilimfunika, na nilikuwa natukana huku namfunika.

Imba, nikamwambia. Hakuimba. Nikaanza mimi, wimbo wowote, la la la, akaniambia hapana, mgongo hauko hivyo.

"Inama. Yaya akiimba anainama."

Hapo ndipo nilipoelewa, na kuelewa kwenyewe kulikuwa kama kupigwa. Hakuwahi kumwimbia mtoto amekaa. Hakuwahi kukaa. Aliimba akifagia, akisugua sakafu, akipepeta mchele, na mtoto akilala juu ya kazi kama ndege juu ya kiboko. Wimbo haukuwa kwenye ulimi, ulikuwa kwenye kiuno kilichopinda. Basi nikapinda. Niliteremka njia yote iliyobaki nimeinama, mkono mmoja unakwenda kushoto na kulia, kushoto na kulia, nafagia barabara bila ufagio mchana kweupe, mwanamume mzima. Watoto walinifuata wakanizomea. Kiuno kilianza kuuma, kisha kikawaka, kisha kikaacha kuwa changu. Na hapo, nyuma ya shingo yangu, sauti ikaanza.

Haikuwa ya mtoto. Ilikuwa ya msichana wa miaka ishirini, nyembamba, imekwaruza kidogo mwanzoni, halafu pana. Ilikuwa sauti ya Bibi. Nimeishi naye miaka ishirini na miwili na hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyoisikia.

*Lala, mwana wa watu, lala,*
*wangu yuko kwa jirani.*
*Mama Nantembo, nitazame,*
*mto umeniziba njia.*

*Lala, mwana wa watu, lala,*
*ukikua usinisahau.*
*Mama Nantembo, niitikie,*
*mimi naitwa huku kote.*

Nantembo. Mara mbili alilisema, na kila mara likapita kwenye uti wa mgongo wangu kama uzi kwenye sindano. Nilitaka kulia nikashindwa, kwa sababu hasira ilikuwa imekaa mlangoni mwa machozi. Wangu yuko kwa jirani. Alimwambia! Alimwambia kila siku, miaka nenda rudi, sikioni kabisa, kwamba ana mtoto wake amemwacha kwa watu. Na yeye akasinzia. Lile lalamiko ndilo lililomlaza. Mji huu mzima umelala usingizi mnono juu ya malalamiko ya wanawake, unadhani ni nyimbo.

Adhana ya alasiri ikasikika kutoka Mlimani. Walikuwa wamemaliza kula, ingawa mtunza saa wao alikuwa mgongoni kwangu. Nikakimbia nimeinama vile vile, nikiogopa nikinyooka jina litamwagika.

Walikuwa wameshamfukia, wakabakiza talkini tu ingoje alasiri. Tuta lilikuwa bichi, watu wamechuchumaa duara, mwalimu Kibwana yuko kichwani pa kaburi, amefumba macho, ameshaanza. Ewe Somoe, akasema, ewe Somoe binti. Akavuta pumzi.

"Nantembo," nikasema.

Duara zima likaangua kicheko. Wameniona na mtoto wa watu mgongoni, kiuno kimepinda, udongo mpaka magotini, wafanye nini tena? Walikuwa wanasubiri kichekesho cha mwisho nao wakakipata. Mzee mmoja akasema huyu mjukuu atatuua. Nikarudia jina. Wakacheka zaidi. Mwalimu akafumbua macho akaniuliza nina hakika gani, hili si la mchezo, marehemu haitwi kwa kubahatisha.

Nikamgeuzia mgongo amwone Dawi. Mtoto alikuwa amelala, shavu limebonyea begani kwangu, mate yananichuruzika. Mwalimu akainama akamuuliza polepole mama yake Yaya aliitwa nani.

"Nantembo," mtoto akasema, katikati ya usingizi, akageuza shavu la pili.

Kicheko kikazimika kama taa. Wote wakatazamana, wakaitikia kwa vichwa. Amesema Dawi. Basi ni kweli. Neno langu, la mjukuu wake, la damu yake, lilikuwa utani. Neno lake yeye, akiwa usingizini, makamasi yamemganda puani, lilikuwa ushahidi. Nililimeza hilo. Nililimeza kwa sababu jina lilikuwa linapita, na lilikuwa halina mlango mwingine.

Mwalimu akachutama upya. Ewe Somoe binti Nantembo. Akaita mara ya pili. Akaita mara ya tatu. Upepo haukuvuma, mbingu haikufunguka, msiniwekee maneno. Tuta lilishuka kidogo tu, upana wa kidole, upande wa kichwa, kama mtu mwenye usingizi mzito anavyojigeuza akisikia mtu wa kwao. Halafu likatulia. Hakuinuka kwenda popote. Nilingoja nione kama atainuka. Hakuinuka.

Nikanyooka. Uzito ukarudi wote kwa pamoja, na suti, na kitambi. Mheshimiwa Badawi alikuwa ameamka mgongoni kwangu, ana miaka sitini na kidogo, anatazama watu chini kutoka juu ya bega langu. Akauliza hapa ni wapi. Kisha akauliza Nantembo ni nani, mbona wanamtaja. Nikamwambia si wa kwenu. Akasema sawa, basi nimrudishe nyumbani, amechoka, na wageni wanamngoja. Alilisema bila ubaya wowote. Watu wa Bondeni wakaanza kunifungulia njia ya kupita naye, mmoja akanikaza kanga kwa nyuma isilegee, akanipa pole ya safari.

Nikafungua fundo.

Aliteleza akakaa kwenye udongo mbichi, pembeni ya tuta. Miguu yake ilikuwa laini, nyayo nyeupe kama za mtu ambaye hajawahi kuiamini ardhi. Alijaribu kusimama, akashindwa, akanitazama, akangoja. Sikufanya kitu. Basi akafungua mdomo akalia, mtu mzima mwenye mvi, kwa kilio cha miaka minne, akiita Yaya, Yaya, mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Wanaume wote wakanigeukia mimi. Nikachukua jembe.

"Mjukuu," mwalimu Kibwana akaniambia, "mtoto analia."

"Namsikia, Mwalimu," nikasema, nikaendelea kusawazisha udongo.